Mtu wa Kupasha Kiti Joto

Lackawanna, 11 Oktoba 2015

Yaya Ombeni, kaka yangu mpendwa,

Usishtuke kuona bahasha. Hakuna aliyekufa na hakuna anayeumwa. Mimi na mwanangu Gloire tu wazima, ingawa baridi ya huku upande wa Buffalo imeshaanza kutuonyesha meno. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hushikiki. Nikikuuliza habari unanichekesha, na nikimaliza kucheka umeshakata, nami nabaki sijui hata kama umekula. Kwenye karatasi itabidi unijibu.

Nina jambo la kukuomba, lakini kwanza nikujulishe mtu.

Katika nyumba ya wazee ninapofanya kazi yuko mzee mmoja anaitwa Vendelín Křepelka. Jina la pili sijathubutu kulitamka mbele ya watu. Ni Mcheki, alikuwa akiishi Praha, na alikuja Amerika wakati nchi yao bado ikiitwa Chekoslovakia. Wenzangu walinionya kwamba ni mkali, anakula peke yake, na supu ikiletwa imepoa anairudisha jikoni pamoja na hotuba. Wanamjua kama mfanyakazi wa zamani wa kiwanda cha chuma, na kweli alifanya kazi humo hapa Lackawanna mpaka kilipofungwa. Lakini yaya, yule ni mwigizaji! Ni mtu wa kazi yako kabisa.

Baba yake alikuwa mwoka mikate kijijini. Yeye alikimbilia Praha, akaanza kuigiza kwenye jukwaa dogo ndani ya pishi la zamani la bia, watu wamebanana magoti kwa magoti. Kazi yake ilikuwa kuwacheka wakubwa bila kuwataja. Kisha akaingia kwenye filamu. Anasema amecheza polisi wajinga wengi sana, mpaka siku moja polisi wa kweli akampigia saluti barabarani kwa mazoea.

Wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana, aliinuka pale pale mezani akacheza kipande kimoja kwa Kiingereza chake ambacho ni kibovu kama changu. Ni habari ya mtu aliyeajiriwa kupasha kiti joto. Kuna Mkubwa asiyependa kukalia kiti cha baridi, basi huyu maskini kazi yake ni kukikalia kabla Mkubwa hajafika. Mkubwa anachelewa. Anachelewa sana. Yule mtu anaanza kukunja mguu. Anaanza kuona kiti kinamkaa vizuri. Watu wanakuja na shida zao, yeye anawajibu tu kwa adabu, na majibu yake yanawafaa kuliko ya Mkubwa. Mwisho anaogopa mlango usije ukafunguka, na tena anaogopa usije ukakosa kufunguka.

Wale wazee wengine waliendelea na matunda yao. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilicheka vile tulivyokuwa tunacheka Bukavu, mkono mdomoni na jicho mlangoni. Mzee akakatiza mchezo, akaniita. Nikadhani nimemvunjia heshima, kumbe machozi yanamtoka. Akasema kicheko kama hicho hajakisikia tangu Praha.

Daktari amesema moyo wake umechoka, huenda asiimalize baridi hii. Anachotaka mzee ni kitu kimoja: asikie chumba kilichojaa watu wakikicheka kipande chake vile nilivyocheka mimi. Mwenyewe hawezi tena kusimama kwa muda mrefu. Nikamwambia, nina kaka yangu Louisville.

Tafadhali yaya, mchezee. Kiweke kwa Kiswahili chetu, uwachezee watu wetu, nami nitamwekea simu sikioni. Nakuomba kwa sababu najua unaweza.

Mdogo wako,
Nzigire


Louisville, 25 Oktoba 2015

Mdogo wangu Nzigire,

Barua imefika. Jirani yangu aliniletea mkononi kwa uso wa huzuni, akidhani nimeitwa mahakamani. Nimekula, kwa hiyo hilo tulimalize. Nimekula sombe ya majani ya muhogo yaliyogandishwa ya duka la Wahindi, na bado niko hai.

Nimesoma habari za mzee wako, nikafurahi kwamba umepata mtu wa kukuchekesha huko kwenye theluji. Lakini kwangu, bon, umebisha mlango usio na mtu. Siku hizi hadhira yangu ni maboksi ya ghalani hapa Jeffersontown. Ni hadhira nzuri sana. Yanakaa kwa mpangilio, hayakohoi, na hakuna boksi linalotoka kabla ya mwisho. Tatizo ni kwamba hayacheki.

Tena sina muda. Jumatatu hadi Ijumaa niko juu ya foklifti, Jumamosi naomba ovataimu, Jumapili niko kanisani na kwaya. Unajua kwaya bila sauti yangu ya chini inakuwa kama sufuria bila kifuniko. Donc, kwa hiyo, mwambie mzee nampa heshima zote, namwombea, lakini atafute mwingine.

Ila swali moja tu, la kujua basi. Yule mtu akishakaa kwenye kiti, mikono anaiweka wapi? Umeandika habari za mguu, mikono hukuisema.

Kaka yako,
Ombeni


Lackawanna, 8 Novemba 2015

Yaya Ombeni,

Mikono anaikalia. Nimemuuliza, naye alifurahi hata akaomba chai. Anasema mtu mdogo akiwekwa kwenye kiti cha mkubwa mikono yake haijui pa kwenda, basi anaificha chini ya makalio. Mkono wa kwanza unatoka watu wanapoanza kuleta shida zao. Wa pili unatoka anapoanza kuamini kwamba ana majibu. Amesema pia nikwambie kwamba swali hilo huulizwa na waigizaji tu.

Nikusimulie yaliyompata, kwa sababu ananiambia kidogo kidogo ninapombadilishia mashuka. Huko kwao kila neno la mchezo lilisomwa kwanza na wakaguzi wa serikali. Hicho cha kiti walikipitisha haraka, wakidhani kinafundisha uaminifu kazini. Akakicheza majira mawili, pishi linafurika. Ndipo jioni moja, katikati ya mchezo, watu wawili wa mstari wa mbele wakainuka. Anasema hakuona nyuso zao kwa sababu ya taa, alisikia tu viti vikikwaruza sakafu. Wakapanda jukwaani wakamshusha akiwa na nguo za mchezo.

Hawakumfunga muda mrefu, lakini jukwaa alikatazwa. Jina lake likaondolewa kwenye filamu zake zote, uso ukabaki. Wakampeleka kuchochea moto kwenye tanuri la kiwanda cha kufua nguo. Rafiki mmoja alimpa kazi ya siri ya kutia sauti kwenye katuni ya watoto, akawa kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba. Watoto wa nchi nzima wakaipenda ile sauti na hawakujua ni ya nani. Baadaye yeye na mkewe wakatoroka kupitia Austria, wakaja hapa kwa binamu wa mke. Mke ameshafariki. Watoto hawakujaliwa.

Serikali ile ilipoanguka alirudi Praha mara moja, akakicheza tena. Watu walisimama wote wakampigia makofi. Lakini hawakucheka, yaya. Vijana hawakuwa na cha kuogopa tena. Anasema alifurahi kwa ajili yao, kisha akaenda hotelini akalia kama mtu aliyefiwa.

Sasa tuje kwako. Nimeongea na Mama Kanyana, jirani yetu wa kambini Nakivale, ambaye sasa yuko Columbus. Binamu yake anasali kanisa lako hilo hilo. Anasema hujakanyaga pale tangu Noeli iliyopita. Kwaya gani hiyo unayoniimbia, Ombeni? Tumekimbia wote wawili, tumelala hema moja, na bado unanidanganya kama mgeni. Nimekasirika, na zaidi nimeogopa. Niambie ni nini.

Nzigire


Louisville, 20 Novemba 2015

Mdogo wangu,

Umenikamata. Naandika na mikono nimeikalia.

Ni hivi. Noeli iliyopita vijana wa kanisa waliniomba mchezo mfupi. Nikawachezea shemasi anayebariki chakula. Anaanza na wali, anapita kwenye mpunga shambani, anafika kwenye mvua, kwa Nuhu, kwa Ibrahimu, na wali umepoa, na watoto wamelala, na yeye ndiyo kwanza anawakumbuka wafalme. Kanisa zima lilicheka. Ambaye hakucheka ni shemasi mmoja, ambaye wali wake huwa unapoa kweli. Jumapili iliyofuata niliitwa mbele nikaambiwa niombe msamaha. Nikaomba. Nikaambiwa pia kwamba mambo ya kuigiza tumeyaacha Kongo. Wale wale waliokuwa wamefuta machozi ya kicheko waliinamisha vichwa wakaangalia viatu vyao. Sikurudi tena.

Sikukwambia kwa sababu niliona aibu. Wewe unamkumbuka Zéphyrin wa kundi letu la michezo. Siku wanajeshi walipoinuka mstari wa mbele pale Bukavu wakamtoa jukwaani, kofia yake ya jenerali ya karatasi bado iko kichwani, mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikisubiri zamu yangu. Hatukumwona tena. Tangu siku ile nikiigiza siwaangalii watu, naangalia viti vya mbele. Lakini niliendelea. Hata Nakivale niliendelea. Wenye bunduki nilikuwa nawaelewa. Ila kunyamazishwa na watu ninaokula nao bugali sahani moja, hilo lilinimaliza. Nikajiambia, basi, kazi imekufa.

Sasa barua zako zimeniharibia. Juzi supavaiza alinikuta nimesimamisha foklifti nacheka peke yangu, akaniuliza kama nimekunywa. Ni yule mzee wako. Ameniingia kichwani. Nimeshaanza kukigeuza. Mkubwa wake nimemfanya Honorable, mheshimiwa mbunge. Na mtu wa kiti nimemfanya mtu wa protokole, yule kijana wa suti ya kuazima anayelinda viti vya mbele kwenye kila arusi na kila ibada yetu, anafukuza akina mama waliofika mapema, na wenye viti bado wako kwao wanaoga. Sikiliza:

«Mama, toka apo. Iyo kiti iko na mwenyewe.»
«Mwenyewe iko wapi?»
«Anakuya.»
«Tangu asubui anakuya?»
«Mama, bakubwa habachelewake. Ni siye njo tunafikaka mbele ya saa.»

Nimeandika yote. Ni tamu, Nzigire, hata kama najisifu. Lakini nitaicheza wapi? Hapa hakuna kanisa litakalonipa hata kona, na ukumbi mwingine watu wetu hawana. Msomee mzee kama unaweza. Mwambie kipo, kimekosa mahali.

Ombeni


Columbus, 29 Novemba 2015

Kwako mwanangu Ombeni,

Mimi si mtu wa barua. Nilimwambia binti yangu Vestine aandike, akanijibu kwa Kiingereza kwamba amechoka, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Nzigire amenipigia simu ameniambia yote, ya mzee wa Buffalo na yako. Kwanza nakugombeza. Ulikuwa unafichaje mambo kama hayo na mimi niko hapa Columbus? Ungeita tu. Haya, nimemaliza kugombeza.

Tarehe mbili Januari kanisa letu lina ibada ya shukrani ya mwaka mpya. Baada ya chakula kuna nafasi ya vijana na nyimbo. Hiyo nafasi ni yako. Nilikwenda kwa Mchungaji Azarias mwenyewe nikamweleza, sikumficha kitu, nikamwambia kijana huyu mdomo wake una pilipili. Akafikiri sana. Akasema: «Akuye. Lakini asitaye jina ya mutu.» Mimi nikamjibu hajawahi kutaja jina la mtu, watu ndio wanajitaja wenyewe.

Ujue kabisa kwamba mstari wa mbele watakaa wachungaji wa makanisa matatu, kwenye viti vikubwa vya kitambaa, na mtu wa protokole wetu yupo, na suti yake ni ya kuazima. Usiseme sikukuonya.

Unajiuliza kwa nini mama huyu anahangaika. Ulipokuwa Nakivale nilimzika mume wangu. Nilikaa siku nyingi sikujua hata kama nakula. Majirani walinivuta kwa nguvu kuja kuona mchezo wenu, ule wa askari anayemwogopa mbuzi. Nilicheka, mwanangu. Nilicheka mpaka nikaona aibu, halafu nikaomba chakula. Kwa kabila wewe ni Mushi na mimi ni Munyamulenge, kwetu huko wengi wangesema hatuna la kuambiana. Sikukushukuru siku ile kwa sababu nililia njia nzima kurudi hemani. Basi nakushukuru sasa, na shukrani yangu ni huo ukumbi.

Panda basi. Mwanangu Ndahiro atakuchukua kituoni. Njaa usije nayo, lakini nafasi tumboni uje nayo.

Mama Kanyana


Lackawanna, 3 Januari 2016

Yaya Ombeni,

Simu yako haipatikani tangu jana. Mama Kanyana amenitumia ujumbe mfupi, «Yote ilienda muzuri, tutaongea», na yeye pia hapokei. Muzuri kwa nani? Mama yule hata kanisa likiungua atasema muzuri. Nakuandikia kwa sababu siwezi kukaa nalo.

Mzee alijiandaa tangu asubuhi. Alitaka shati jeupe na tai. Alitaka pazia la chumba lifungwe, akisema mchezo hausikilizwi kwenye mwanga wa mchana. Nikaweka simu kwenye mto karibu na sikio lake, nikawa namtafsiria kwa kunong'ona, lakini baada ya muda akanikataza. Alisema anajua ulipo. Na kweli alijua. Ulipofika pale pa mkono wa kwanza aliitikia kwa kichwa, pa mkono wa pili akaitikia tena.

Mwanzoni walicheka watoto. Kisha ukafika pale kwa yule mama na kiti, nacho kicheko kikaja. Ulikisikia? Kilianza nyuma ya ukumbi, kidogo, kama cha mtu anayejizuia, kikapita kwa akina mama, kikajaa. Mzee aliinua kidole kimoja. Akasema, «Hicho.» Akafumba macho, na uso wake, yaya, sijawahi kuona uso wa mzee ukiwa hivyo. Nilimshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimekaa pale.

Ndipo tukasikia viti. Vilikwaruza sakafu, vingi, karibu sana na simu. Kicheko kikakatika. Hatua nzito za viatu. Mzee akafumbua macho akaniuliza, «Ni mstari wa mbele?» Akajaribu kushuka kitandani, anapiga kelele kwenye simu kwa lugha yake, kisha kwa Kiingereza, «Mlango wa nyuma! Mtoeni kwa mlango wa nyuma!» Tukasikia kishindo, na simu ikakatika.

Nilimshika mabega. Nikamwambia hapana, baba, kwetu mtu akifurahishwa na msanii anainuka hapo hapo katikati ya mchezo, anamwendea, anambandika noti kwenye paji la uso. Hatungoji mwisho. Alinitazama kana kwamba namtungia. Nikatoa dola moja mfukoni, nikaibandika kwenye paji lake, ikashika kwa sababu ya jasho. Akalala nayo hivyo hivyo.

Nilimwambia kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Lakini wewe nitakuambia kweli: sikuwa na uhakika. Nilijua waliokaa mbele ni wachungaji, na nilikijua kipande. Leo ameniuliza tena mara nyingi kama yule kijana yuko salama. Niandikie upesi, nijue kama nilimdanganya.

Nzigire


Louisville, 4 Januari 2016

Nzigire wangu,

Simu yangu imekufa kifo cha heshima, nitakueleza. Vestine alikuwa ameishika mbele kabisa ili mzee asikie. Sijui alisikia nini na sijui ilikatikia wapi, na jambo hilo limenikaa rohoni kwenye basi njia nzima.

Nilianza vibaya. Sauti ilikuwa imepata kutu. Nilikaa kwenye kiti, nikaikalia mikono, na nikaona watu wananitazama kama mgonjwa. Nilipomfukuza yule mama kwenye kiti, nikasikia mtu wa nyuma anajizuia. Unajua kile cha mkono mdomoni. Nikajua wako pamoja nami. Yule kijana wao wa protokole alijificha nyuma ya nguzo! Nikasahau ghala, nikasahau shemasi, nikasahau hata kuangalia viti vya mbele.

Nilikuwa nimefika pale ambapo Honorable bado hajafika, na mtu wa protokole ameshaanza kubariki watoto. Wachungaji watatu wakainuka kwa pamoja. Suti nyeusi, nyuso hazina kicheko. Wakaanza kunijia. Nzigire, niliangalia viti vya mbele, ni vitupu. Nilimwona Zéphyrin na kofia yake. Nikasema moyoni, hata hapa, hata Amerika. Sikuweza kuinuka, nilibaki nimekaa kwenye kiti cha Honorable nikisubiri kutolewa.

Mchungaji Azarias alifika wa kwanza. Akaingiza mkono mfukoni. Akatoa noti, akanibandika hapa kwenye paji la uso, akasukuma kwa dole gumba ili ishike. Jasho lilikuwepo la kutosha. Kisha akaniinamia sikioni: «Mi pia nachelewaka. Nimejiona. Aksanti, kijana.» Wa pili akabandika, wa tatu akabandika, na hapo ukumbi wote ukavunjika. Mama Kanyana alikuja anacheza na vigelegele, mikono juu, akampiga Vestine kikumbo, simu ikaanguka, na akina mama wa kanisa zima wakacheza juu yake. Nimeokota vipande.

Mimi nilisimama nikalia mbele ya watu wote. Nilitoa noti usoni, nikasema asante, nikasema tena asante, nikashindwa kuendelea. Kipande sikukimaliza. Mlango haukufunguka na wala haukukosa kufunguka. Wameniita nirudi Pasaka.

Mwambie mzee hivi, neno kwa neno. Mwambie waliinuka mstari wa mbele, lakini waliinuka kuja kunipa. Mwambie sikujua kama jambo hilo linawezekana, na nimelijua kwa sababu yake. Namshukuru kama mzazi. Nawe nakushukuru kwa kunisumbua, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuzoea maboksi. Tafadhali niambie alisikia nini.

Kaka yako,
Ombeni


Lackawanna, 12 Januari 2016

Mwenzangu Ombeni,

Mimi nasema kwa Kiingereza, dada yako anaandika kwa lugha yenu. Ameapa hataongeza sukari.

Amenisomea barua yako. Nilimwomba arudie pale kwa mchungaji na mfuko, akarudia, nikamwomba arudie tena. Niliposikia vile viti nilidhani wamekuchukua kwa ajili ya kipande changu, na siku zote zile nilijichukia. Sasa nimelala vizuri. Wewe na mimi tumejifunza jambo moja siku moja, mimi nikiwa na miaka themanini na nne. Nimechelewa, lakini sisi wakubwa hatuchelewi.

Nilikisikia kicheko. Chote, kuanzia yule wa nyuma. Ulimngoja vizuri yule mama kabla ya kumjibu, mimi nilikuwa namjibu upesi mno. Sikuwahi kuwaza protokole, na sasa siwezi kukiwaza kipande bila yeye. Nilidhani kilikufa Praha mikononi mwangu. Nakushukuru, na unipelekee salamu kwa mama aliyeua simu.

Lakini ulifanya kosa kubwa, na mimi si mtu wa kunyamaza. Ulisimama! Ulitoa noti usoni, ukalia, ukashukuru. Nani alishukuru? Ombeni. Nani alimwita Ombeni? Aliyekuwa kwenye kiti ni mtu wa protokole, na yeye hajui kwamba noti zile ni zake. Anadhani ni za Honorable. Kwa hiyo usizitoe. Kaa nazo usoni, mikono irudi chini ya makalio, na kila anayekuja kukubandika mwambie kwa heshima, kwa sauti ya mtu mwaminifu kazini: «Nitamufikishia.» Dada yako amenipa neno hilo kwa lugha yenu, nimelifanyia mazoezi.

Fanya hivyo Pasaka. Nikiwa bado nipo nitasikiliza. Nikiwa sipo, fanya vile vile.

Nimeshalijaribu hapa. Jana nilijibandika dola ya dada yako kwenye paji la uso, nikakaa wima kitandani. Daktari akaingia kunipima moyo, akaiona, akanyoosha mkono akaitoa. Nikamwambia, «Nitamufikishia.» Daktari hakuelewa kitu, akaomba radhi, akanirudishia dola yangu usoni. Dada yako alitoka chumbani anakimbia, na mpaka sasa hawezi kuandika sentensi hii bila kucheka.

Vendelín